Van der Heyden, Berckheyde au Vermeer: picha ipi ya mji tulivu ukutani kwako?

Anayetafuta picha ya mji uliotulia, mji wenye watu lakini usio na kelele, hachelewi kufika Uholanzi ya karne ya 17. Huko ndiko mtaa, mfereji na uwanja vilipoacha kuwa pambo la nyuma ya mfalme au mtakatifu, vikawa vyenyewe ndiyo picha. Wachoraji wa kazi hiyo walikuwa wengi. Hata hivyo, kwa mtu anayetaka picha moja ya kutundika sebuleni, au mwalimu mmoja wa kumfuata anapojifunza kuchora mji wake mwenyewe, naona uamuzi unabaki kwa watatu: Jan van der Heyden wa Amsterdam, Gerrit Berckheyde wa Haarlem na Johannes Vermeer wa Delft.

Walikuwa watu wa rika moja. Vermeer alizaliwa 1632, Van der Heyden 1637, Berckheyde 1638. Walitumia rangi zile zile za mafuta, wakatazama matofali yale yale mekundu na anga ile ile yenye mawingu mazito. Bado ukiziweka picha zao pamoja utaona kwamba kila mmoja aliufikia utulivu kwa njia yake. Van der Heyden aliupata kwa kukaribia vitu mno. Berckheyde aliupata kwa kupanga mwanga na kivuli. Vermeer alipunguza, akapunguza tena, hadi kilichobaki kikawa kinatosha. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua picha ipi ikufae, na inaamua hata ukubwa wa karatasi na mahali pa kupigilia msumari.

Canaletto, mchoraji wa Venice, nimemwacha kwa makusudi. Ni fundi asiyepingika, ila picha zake zinazojulikana zaidi zina mashua, sherehe na umati. Ni mji uliovaa nguo za sikukuu. Anayemtaka kwa ajili ya utulivu aitafute ile ya uwanja wa wachonga mawe iliyoko kwenye makumbusho ya National Gallery, London, na nyingine aziache kwanza.

Van der Heyden: mji wa kutazamwa kwa karibu

Huyu nitakaa naye zaidi, kwa sababu ndiye asiyejulikana sana nje ya nchi yake na ndiye aliyenipa raha ndefu zaidi.

Alizaliwa Gorinchem, akakulia Amsterdam. Mwaka 1652, akiwa kijana wa miaka 15, ukumbi wa zamani wa mji wa Amsterdam uliteketea kwa moto. Mambo aliyoyafanya ukubwani yanasomeka kama jibu la usiku ule na mingine iliyofanana nao. Mwaka 1669 aliwapelekea wakuu wa mji mpango wa kuweka taa za mafuta barabarani, taa za kioo zilizoundwa ili moshi utoke na upepo usizime utambi. Mpango ukakubaliwa, naye akakabidhiwa usimamizi wake. Taa za muundo ule ziliendelea kuwaka Amsterdam hadi mwaka 1840. Mwaka 1672 yeye na ndugu yake Nicolaes wakatengeneza mpira wa ngozi wa kuunganisha kwenye pampu ya kuzimia moto. Kabla yake pampu zilikuwa na mdomo uliokaa mahali pamoja, hivyo wazimaji walirusha maji kutoka nje na mara nyingi waliishia kulowesha kuta. Kwa mpira ule maji yalivutwa hadi ndani ya nyumba, palepale moto ulipo. Mwaka 1690 akatoa kitabu kikubwa chenye michoro ya mitambo hiyo na ya nyumba za Amsterdam zilizoungua.

Kwa kuwa taa na pampu zilimpa riziki nzuri, hakulazimika kuuza kila alichochora. Alifariki mwaka 1712, na mkewe alipofariki muda mfupi baadaye, nyumbani mwao zilikutwa picha alizozichora yeye mwenyewe zaidi ya 70. Jambo hilo linanigusa sana. Mtu aliyejua jinsi nyumba inavyogeuka majivu kwa saa chache alikuwa amezungukwa na miji aliyoichora ikiwa salama, madirisha mazima, paa kamili, hakuna moshi.

Sasa itazame picha yenyewe. Chukua ile ya mfereji wa Oudezijds Voorburgwal, yenye mnara wa Oude Kerk unaochungulia nyuma ya nyumba, iliyoko kwenye makumbusho ya Mauritshuis mjini The Hague. Ni ndogo, takriban sentimita 41 kwa 52. Kwa mbali inaonekana kama mtaa wa kawaida wa mferejini. Sogea. Kila tofali lina mpaka wake, na chokaa nyembamba inayoliunganisha na jirani yake inaonekana. Wachunguzi wa picha wamejiuliza kwa muda mrefu alifanyaje kazi hiyo kwa brashi. Wapo wanaoamini kwamba mistari ya chokaa, na hata baadhi ya majani ya miti, aliigandamiza kwa namna ya kuchapa badala ya kuichora mmoja mmoja. Vyovyote alivyofanya, ajabu kubwa ni kwamba wingi wote huo haukuchoshi. Mwanga umetandazwa sawasawa juu ya ukuta mzima, kwa hiyo matofali yapo yote na hakuna hata moja linalokuita kwa nguvu. Unayagundua kwa wakati wako.

Usimchukulie kama mpiga picha wa pasipoti wa Amsterdam. Alihamisha majengo alipotaka. Zipo picha zake ambamo kanisa la kweli limekaa kando ya jumba lisilowahi kujengwa, na National Gallery of Art ya Washington ina moja ambayo jengo lake lote ni la kubuni, ingawa ukiitazama unaweza kuapa kwamba umewahi kupita pale. Watu wadogo wanaotembea ndani ya picha zake mara nyingi si kazi yake pia: wengi walichorwa na Adriaen van de Velde, na baada ya Van de Velde kufariki mwaka 1672 wakaja wengine. Ukitazama kwa makini utaona wakati mwingine watu hao wamekaa kama wageni waliopita tu.

Udhaifu wake kwa mnunuzi uko wazi. Ukimtundika mbali, matofali yanaungana na kuwa doa la kahawia. Ukimchapisha kwenye mashine duni, mistari ya chokaa inapotea na umebaki na nusu ya picha. Mahali pake ni pale unapoweza kusogeza uso hadi kwenye karatasi: juu ya meza ya kazi, ukutani mwa ukumbi mwembamba wa kupitia, kando ya kiti cha kusomea.

Berckheyde: kivuli kinachopanga kila kitu

Gerrit Berckheyde aliishi Haarlem karibu maisha yake yote, nyumba moja na kaka yake Job aliyekuwa mchoraji vilevile. Ujanani walisafiri pamoja kufuata mto Rhine hadi Ujerumani, wakachora Cologne na Heidelberg. Mwaka 1660 Gerrit aliingia chama cha wachoraji cha Haarlem. Mwaka 1698 alifariki kwa kuzama mferejini, mjini kwake.

Yeye alichagua sehemu chache na kuzirudia miaka na miaka: uwanja mkuu wa Haarlem na kanisa lake kubwa la Mtakatifu Bavo, uwanja wa Dam wa Amsterdam, bwawa la Hofvijver la The Hague. Kurudia huko ndiko kulikomfanya awe bingwa. Kanisa lile lile analichora kutoka kulia, kutoka kushoto, au akiwa amesimama kwenye baraza la ukumbi wa mji na kulitazama kati ya nguzo. Jengo halibadiliki, ila kivuli kinasogea, na kila kinaposogea picha inakuwa mpya.

Picha yake ninayoipendekeza kwanza ni ile ya kona ya mfereji wa Herengracht, Amsterdam, aliyoichora mwaka 1671 hadi 1672, iliyoko kwenye makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam. Eneo lile matajiri walikuwa ndio kwanza wanajenga. Baadhi ya viwanja bado viko wazi, na ukingo wa maji hauna miti ya kuziba nyumba. Upande mmoja wa mfereji umeingia kivulini, mwingine umejaa jua, na maji yamepokea vyote viwili. Hakuna kingine kinachotokea. Ukumbuke kwamba 1672 ndio mwaka ambao Uholanzi ilishambuliwa na Ufaransa na Uingereza pamoja na washirika wao, na watu wenye mali waliogopa kupoteza kila kitu. Kwenye picha ile hofu hiyo haijaingia kabisa.

Ukitaka kuona tofauti yake na Van der Heyden kwa jicho lako mwenyewe, linganisha picha zao za ukumbi mpya wa mji pale Dam, jengo alilolibuni Jacob van Campen na ambalo leo ni ikulu ya kifalme. Van der Heyden, kwenye picha yake ya 1667 iliyoko kwenye makumbusho ya Uffizi mjini Florence, alisimama karibu na kuchagua mahali pa pembeni pagumu, kiasi kwamba kuba la juu linaonekana kama limevutwa upande. Picha ilikuja na kifaa kilichomwonyesha mtazamaji pa kuweka jicho ili kila kitu kikae sawa. Cosimo wa tatu wa ukoo wa Medici, watawala wa Florence, aliinunua. Berckheyde hakuhitaji kifaa. Alirudi nyuma hadi ng'ambo ya uwanja, akaacha kivuli kirefu kilale juu ya mawe ya sakafu, na jengo likajisimamia. La kwanza linakushangaza. La pili unaweza kuishi nalo.

Kwa anayejifunza kuchora, huyu ndiye mwalimu, na sioni haja ya kusita. Anakufundisha kugawa mji katika sehemu mbili tu kabla ya kugusa dirisha lolote: penye jua na penye kivuli. Mwanafunzi anayeanza na Van der Heyden ataanza kuhesabu matofali na nyumba itampotea. Anayeanza na Vermeer ataona ukuta mtupu na kudhani ni rahisi.

Hapa kuna jambo la kuangalia kwa wanaochora Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam au Kampala. Vivuli virefu vya Berckheyde ni zawadi ya jua la kaskazini linalopita chini angani. Kwetu karibu na ikweta, kuanzia saa nne hivi asubuhi hadi saa nane mchana, jua linasimama juu ya vichwa na kivuli kinajikunja chini ya ukuta. Ukichora saa hizo kwa njia yake, picha itakauka. Toka kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi jioni, na utapata pande zake mbili kamili, mwanga na kivuli. Kwa vichochoro vyembamba vya Mji Mkongwe, ambako huwezi kurudi nyuma hata hatua kumi, viwanja vyake havitakusaidia sana. Huko anakufaa zaidi mtu wa tatu.

Vermeer: kilichoondolewa

Vermeer hakuwa mchoraji wa miji kwa kazi. Picha zake zilizobaki hazifiki 40, karibu zote ni za ndani ya nyumba, na za nje ni mbili tu. Mbili hizo zinatosha kumweka kwenye ulinganisho huu.

Ya kwanza ni ndogo, inaitwa Mtaa Mdogo, ya mwaka 1658 hivi, sentimita 54 kwa 44, iko Rijksmuseum. Nyumba ya matofali, mlango ulio wazi, mwanamke ameinama anashona, mwingine yuko uchochoroni penye pipa, watoto wawili wamepiga magoti mbele ya nyumba wanacheza. Mwaka 2015 mtafiti Frans Grijzenhout alipitia daftari la kodi la Delft la karne ile na kuitambua nyumba hiyo kuwa ya mtaa wa Vlamingstraat, mahali alipoishi shangazi wa Vermeer, mjane aliyelea watoto kwa kuuza matumbo. Wapo wataalamu wasiokubaliana naye, ila mimi tangu nisome hoja yake naiona picha kwa jicho jingine. Ukuta ule uliopakwa chokaa sehemu ya chini, uchochoro ule wenye unyevu, vimechorwa kwa heshima ambayo wengine waliiweka kwa majumba ya wafalme.

Linganisha matofali yake na ya Van der Heyden. Vermeer hakuyachora yote. Ametia mistari michache hapa, akaacha rangi tupu pale, akaonyesha ufa uliozibwa, na jicho lako linamalizia lililobaki. Ndiyo maana Mtaa Mdogo unastahimili kutazamwa kwa karibu na kwa mbali pia, jambo ambalo Van der Heyden haliwezi.

Ya pili ni Mandhari ya Delft, ya mwaka 1660 au 1661 hivi, iliyoko Mauritshuis. Serikali ya Uholanzi iliinunua mwaka 1822 kwa gilda 2,900. Hii ni kubwa, sentimita 96 na nusu kwenda juu na zaidi ya mita moja kwa upana, na zaidi ya nusu ya picha ni anga. Wingu jeusi limekaa juu kabisa. Ukuta wa mji na malango ulio mbele uko kivulini. Nyuma yake mnara wa Nieuwe Kerk umeshika jua. Saa ya lango la Schiedam inaonyesha saa moja na dakika kidogo asubuhi. Watu ni wachache mno kwenye ukingo wa mchanga, na uchunguzi umeonyesha kwamba alikuwa amemchora mwanamume mmoja karibu na wanawake wawili waliosimama, kisha akamfuta. Sura za malango majini alizirefusha kuliko zilivyopaswa kuwa, ili zishuke na kuukamata ukingo wa mbele. Kwa hiyo hata yeye hakunakili. Aliuhamisha mji hadi ukatulia. Malango yenyewe yalibomolewa karne ya 19.

Delft ile ilikuwa na kidonda. Tarehe 12 Oktoba 1654 ghala la baruti lililipuka, sehemu kubwa ya mji ikabomoka, zaidi ya watu 100 wakafa, miongoni mwao mchoraji Carel Fabritius. Vermeer alikuwa na miaka 21. Miaka isiyozidi saba baadaye akauchora mji wake ukiwa mzima chini ya mawingu. Baada ya vita vya 1672 biashara ya picha ilianguka, naye alifariki mwaka 1675 akiacha mke, watoto na madeni.

Uchague nini, basi

Anza na umbali. Pima kutoka unapokaa hadi ukutani. Kama ni zaidi ya mita mbili, Mandhari ya Delft haina mshindani, mradi ukuta uwe mkubwa. Hata karatasi ya A0, yenye sentimita 84 kwa 119, haifikii kimo chake halisi. Ukiipunguza hadi A3 watu wa ukingoni wanakuwa vidoa, na anga, ambayo ndiyo inayobeba picha, inakuwa ukanda tu. Afadhali usiichukue kabisa kuliko kuibana hivyo.

Kwa chumba cha kawaida cha kupanga, ninashauri Berckheyde, ile kona ya Herengracht. Ubao wake wa asili ni kama sentimita 42 na nusu kwa 58, na karatasi ya A2 ina 42 kwa 59.4. Maana yake unaweza kuwa nayo ukutani kwa ukubwa karibu sawa na alioushika yeye mkononi. Inasomeka kutoka upande wa pili wa chumba, haina huzuni, na mgeni asiyejua chochote cha uchoraji ataipenda. Oudezijds Voorburgwal ya Van der Heyden nayo inaenea kwenye A2 vizuri, ila iweke pale utakaposogea.

Mtaa Mdogo ndio ninaowapendekezea wanaoishi peke yao mbali na kwao, iwe Doha, Minneapolis au Rotterdam. Una watu wanne tu na kila mmoja ana shughuli yake. Hakuna anayekutazama, na bado unajihisi hauko peke yako chumbani.

Ukiniuliza ningechukua ipi kama nyumba ina nafasi ya moja, nitasema Van der Heyden, nikijua kabisa kwamba Vermeer ni mchoraji mkubwa kuliko yeye. Picha ya Vermeer inanishika mara moja na kwa nguvu. Ya Van der Heyden inanipa kitu kipya kila wiki, na kwa picha utakayoiona kila siku hilo ni la maana sana.

Kwa walioko Uholanzi au wanaopita huko, safari ni rahisi kupanga. Mauritshuis peke yake ina Delft na Oudezijds Voorburgwal, kwa hiyo Vermeer na Van der Heyden utawalinganisha kwa siku moja. Rijksmuseum ina Mtaa Mdogo na kona ya Herengracht. Haarlem iko dakika 15 hivi kwa treni kutoka Amsterdam. Uwanja wa Berckheyde na kanisa lake bado vipo, na ukifika asubuhi utakuta kivuli kinafanya kazi ile ile.

Walio mbali watumie tovuti za makumbusho hayo mawili, kwa kuwa zote zinaruhusu kupakua picha hizi bila malipo kwa ubora mkubwa. Usichukue picha kutoka kwenye matokeo ya utafutaji, maana mara nyingi rangi zimezidishwa. Kwa A2 iliyo safi unahitaji faili lenye pikseli kama 4,961 kwa 7,016. Kwa Berckheyde unaweza kushuka chini kidogo, kwa Van der Heyden usishuke. Kabla ya kulipia karatasi nzima, mwombe mchapaji akutolee kipande kidogo cha majaribio, cha ukubwa wa kiganja, sehemu yenye ukuta wa matofali. Mistari ya chokaa ikionekana, aendelee. Karatasi iwe isiyong'aa, na kama chumba kina dirisha mkabala na ukuta huo, usiweke kioo kwenye fremu.